Jina Wanalolijua Wachache: Namna ya Kuandika Hadithi ya Msichana wa Korea Aliyeficha Utambulisho Wake

Kikundi chetu cha uandishi hukutana Bukavu kila Jumamosi alasiri, katika chumba tulichoazimwa na parokia, ambacho dirisha lake moja linatazama ziwa na la pili linatazama barabara inayopanda kuelekea Kadutu. Kwa muda sasa vijana wengi wanaoleta daftari zao hapo wanataka kuandika hadithi moja: ya msichana wa Kikorea, wakati wa vita, nchi yake ikiwa chini ya Japani, ambaye shuleni na mjini anaitwa kwa jina lisilo lake. Wameziona tamthilia za Korea kwenye simu, wameguswa, nami naamini wameguswa kwa kweli, kwa sababu mtu aliyekulia Kivu hahitaji kufundishwa maana ya kunyamaza ili aishi. Hata hivyo nyingi za hadithi hizo hufia ukurasa wa tatu. Mwandishi amempa msichana siri nzito, kisha hajui siri hiyo inakaa wapi, wala inamponyoka vipi, na msichana anabaki kusimama dirishani akilia.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeandika kwa Kiswahili kuhusu watu wa mbali. Ninachotaka kueleza ni kwamba utambulisho uliofichwa hautunzwi na moyo wa mtu mmoja. Unatunzwa na daftari la serikali, ulimi, msuko wa nywele, bakuli lililozikwa nyuma ya nyumba, na zaidi ya yote na vinywa vya watu wachache wanaoendelea kulitumia jina la kweli mlango ukishafungwa. Kwa hiyo kabla hujajiuliza msichana wako anaficha nini, jiulize nani anajua.

Anza na mwaka

Korea ilitwaliwa rasmi na Japani kwa mkataba wa Agosti 1910, na utawala huo ukakoma tarehe 15 Agosti 1945. Miaka hiyo 35 haikufanana hata kidogo, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza, kwa kuuchukua ukoloni wote kama usiku mmoja mrefu. Msichana wa mwaka 1925 angeweza kusoma gazeti la lugha yake. Msichana wa mwishoni mwa 1940 hangeyapata tena magazeti makubwa ya Dong-a Ilbo na Chosun Ilbo, kwani yote mawili yalifungwa mwezi Agosti mwaka huo. Vita dhidi ya China vilipopamba moto mwaka 1937 kilitungwa kiapo cha raia wa Mfalme wa Japani, ambacho watoto walikikariri shuleni na watu wazima kwenye mikutano. Mwaka 1938 Kikorea kiligeuzwa kuwa somo la hiari shuleni, na muda si mrefu kikatoweka kabisa katika ratiba. Mwaka 1940 ikafika zamu ya majina. Mwaka 1944 vijana wa kiume wakaanza kuandikishwa jeshini kwa lazima, na mwezi Agosti mwaka huohuo ikatoka amri iliyowahusu wanawake wasioolewa, waende viwandani.

Chagua mwaka mmoja na uukumbatie. Katika mwongozo huu nitatumia mwaka 1942, na msichana wa kubuni ambaye tutamwita Ok-sun, wa ukoo wa Kim, aliyezaliwa mwaka 1925. Sisi tungesema ana miaka 17, lakini nyumbani kwao angehesabiwa miaka 18, kwa kuwa kwa desturi ya Kikorea mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja na kuongeza mwingine kila mwaka mpya unapoingia. Ni jambo dogo, lakini mama akitaja umri wa bintiye na karani akauandika tofauti, tayari una mtu mmoja aliye wawili, kabla hata jina halijaguswa.

Jua anajificha wapi na anajificha nani

Swali hili halikwepeki. Je, Ok-sun yuko Korea au yuko Japani?

Akiwa Korea, mwalimu, polisi na jirani wote wanajua kwamba ni Mkorea. Jina la Kijapani halikumgeuza mtu kuwa Mjapani machoni pa serikali. Daftari za familia za Wakorea ziliendelea kutunzwa mbali na zile za Wajapani, na jina la ukoo wa asili lilibaki limeandikwa humo. Kwa hiyo akiwa Seoul, mji ambao Wajapani waliuita Keijō, kinachofichwa si uzawa wake. Kinachofichwa ni kile anachokataa kukiacha: lugha, shajara, sala, urafiki na mwalimu anayetafutwa. Akiwa Osaka au Nagoya mambo hubadilika, kwa kuwa huko anaweza kupita kama Mjapani kati ya watu wasiomjua, na sasa uzawa wenyewe ndio siri, na kila atakayefungua kinywa mbele yake anaweza kuwa hatari.

Nimesoma hadithi nyingi zilizochanganya mambo haya mawili, msichana akiwa Korea huku akiogopa kugundulika kuwa Mkorea. Hofu hiyo haikuwa na mahali pa kukaa. Amua mapema, na ukiamua avuke bahari kwa meli kutoka Busan kwenda Shimonoseki, basi ujue kwamba siri yake inabadilika akiwa bado majini.

Majina, na hapa tukae

Amri ya majina ilianza kutumika tarehe 11 Februari 1940, Gavana Mkuu akiwa Minami Jirō, na familia zikapewa miezi sita ya kujiandikisha. Hadi muda huo ulipokwisha, tarehe 10 Agosti, takriban asilimia 80 ya kaya zilikuwa zimesajili jina la mtindo wa Kijapani. Amri hiyo ilikuwa na sehemu mbili ambazo mwandishi lazima azitenganishe. Kuwa na jina la familia la mtindo mpya ilikuwa lazima, kiasi kwamba kaya isiyojiandikisha iligeuziwa jina la ukoo la mkuu wa kaya kuwa jina la familia nzima; kubadili jina la mtu binafsi ilikuwa hiari, tena kwa kulipa ada. Kusema tu kwamba "walilazimishwa kubadili majina" ni kuipitia juujuu habari ambayo ndani yake mna mengi. Shinikizo lilipita njia za pembeni: mtoto shuleni, kazi ya baba, karatasi inayohitaji muhuri.

Sasa tazama jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Katika hadithi yangu ya kwanza nilimpa mama wa msichana jina la ukoo la mumewe tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa nilidhani ndivyo dunia yote ilivyo. Kumbe kwa Wakorea mwanamke akiolewa habadili jina la ukoo wa baba yake. Katika nyumba ya Ok-sun baba ni Kim, mama anaweza kuwa Pak, na bibi mzaa baba anaweza kuwa Yi. Nyumba moja, koo tatu, na kila mwanamke amebeba ukoo wake hadi kaburini. Mwaka 1940 wote wakaandikwa chini ya jina moja la familia, tuseme Kanemoto. Nilipolielewa hilo, hadithi yangu yote ilivunjika na nikaianza upya, kwa sababu niliona kwamba msichana hakuwa peke yake katika kuficha jina. Mama yake na bibi yake walipoteza siku hiyohiyo kitu ambacho hata ndoa haikuwahi kuwanyang'anya. Ukitaka ukurasa wenye uzito, mwandike bibi mwenye miaka sitini na kitu akiuliza kwa sauti ndogo kama wahenga wa ukoo wa Yi watamtambua akifa.

Kwa nini Kanemoto? Kwa sababu Kim huandikwa kwa herufi ya Kichina yenye maana ya dhahabu, na herufi hiyohiyo ndiyo inayoanza majina ya Kijapani kama Kaneda, Kaneyama na Kanemoto. Familia nyingi zilichagua hivyo kwa makusudi, zikaufukia ukoo ndani ya jina lililokuja kuufuta. Wa ukoo wa Pak wengine walichagua Kinoshita, kwa kuwa mti uliomo ndani ya herufi ya Pak umo pia ndani ya Kinoshita. Mwandike baba akiwa ameketi sakafuni na kitabu cha ukoo, akijaribu majina kwenye karatasi chakavu moja baada ya jingine, akilikataa hili kwa kuwa halina dhahabu na lile kwa kuwa jirani amekwisha kulichukua. Hapo hutahitaji kumwambia msomaji kwamba baba anaumia.

Liko pia jina linalofichwa kwa sauti tu. Herufi za Kichina husomeka kwa Kikorea na kwa Kijapani, kwa hiyo hata kabla ya mwaka 1940 Mkorea angeweza kuandikwa vilevile na kuitwa vingine. Sohn Kee-chung alishinda mbio za marathoni za Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 akiwa na bendera ya Japani kifuani, na dunia ikamjua kama Son Kitei, ambayo ni herufi za jina lake zilizosomwa Kijapani. Mashabiki walipoomba saini aliandika kwa Kikorea. Vivyo hivyo msichana anayeitwa Yeongja nyumbani anaweza kuitwa Eiko shuleni bila hata mstari mmoja wa wino kubadilika. Kama unapenda siri isiyoonekana kwenye karatasi, mpe msichana wako jina la namna hiyo.

Andika karatasi ya waitaji

Kabla ya sura ya kwanza, chukua karatasi moja na uandike kila mtu katika hadithi, kisha mbele yake uandike anamwita nani vipi, mbele ya nani. Vijana wa kikundi chetu huiita karatasi ya waitaji, na wale wanaoiandika kwa uangalifu humaliza hadithi zao.

Kwa Ok-sun karatasi hiyo inashangaza, kwa sababu desturi ya Wakorea inafanana na yetu kwa karibu sana. Mdogo hamwiti mkubwa kwa jina. Mdogo wake wa kiume atamwita nuna, mdogo wa kike atamwita eonni, na sisi wa Bukavu tunaosema yaya tunaelewa mara moja kwamba mtoto anaweza kuishi miaka kumi karibu na dada yake bila kulitamka jina lake. Mwalimu anamwita Kanemoto. Bibi pengine anamwita kwa jina la utani la utotoni. Na mama? Hapa ndipo panaponitetemesha kila nikisoma. Mwanamke wa Kikorea mwenye mtoto huitwa na majirani kwa jina la mtoto, kama tunavyosema Mama Furaha au Mama Amani. Kwa hiyo kila jirani anayemwita mama huyo uani, "mama wa Ok-sun," analitamka hadharani jina la binti ambalo daftari la shule limelifuta. Siri inatunzwa na mwito wa kawaida wa kuazima chumvi. Siku jirani mmoja atakaposita, akameza jina hilo na kusema neno jingine, msomaji atajua kwamba kuna mtu aliyesimama nyuma ya ukuta.

Wengine katika kikundi huuliza kama tunaruhusiwa kutumia ya kwetu kuelewa ya kwao. Naona tunaruhusiwa, kwa masharti. Mwaka 1972, enzi ya Zaire, bibi yangu aliyebatizwa Josephine alilazimika kuliacha jina hilo katika karatasi zake, kwa kuwa serikali ilitaka majina ya kizalendo. Kanisani na jikoni aliendelea kuwa Mama Yozefina hadi alipofariki. Kutoka kwake nilijifunza jinsi karatasi na kinywa vinavyoachana. Lakini yeye aliondolewa jina lililoletwa na wageni, na Ok-sun aliondolewa jina la wahenga kwa amri ya wageni. Mambo hayo yanatazamana, hayalingani. Tumia kumbukumbu ya bibi yako kujua mkono unavyosita juu ya fomu. Usiitumie kumwekea Ok-sun maneno ya bibi yako.

Ulimi ndio mlinzi mbaya kuliko wote

Nilisoma katika shule ambayo mtoto aliyenaswa akisema Kiswahili badala ya Kifaransa alivishwa shingoni kipande cha ubao tulichokiita symbole, naye alibaki nacho hadi amnase mwenzake. Ninakumbuka kamba ya katani ikinikwaruza, na ninakumbuka zaidi jinsi nilivyoanza kuwasikiliza marafiki zangu ili niwakamate. Shule za Korea za miaka hiyo ziliwaadhibu watoto kwa kusema lugha ya mama zao, na ukitaka kuandika darasa la Ok-sun, usiishie kwenye fimbo ya mwalimu. Andika masikio ya wanafunzi.

Liko tukio moja la kweli ambalo kila mwandishi wa habari hizi anapaswa kulijua. Mwaka 1942, kaskazini mwa Korea, polisi walipekua shajara ya mwanafunzi wa kike wa sekondari moja ya mji wa Hamhung na kukuta mstari wa zamani unaosema kwamba alikuwa amekemewa shuleni kwa kutumia lugha ya taifa. Kwa polisi lugha ya taifa ilikuwa Kijapani. Basi ni mwalimu gani anayemkemea mtoto kwa kusema Kijapani? Upelelezi ukamfikia mwalimu wa zamani wa shule hiyo, ambaye wakati huo alikuwa Seoul akishiriki kutunga kamusi ya Kikorea pamoja na Chama cha Lugha ya Kikorea. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo wanachama wakakamatwa, jumla yao 33, na wawili, Yi Yun-jae na Han Jing, wakafia gerezani. Miswada ya kamusi ilipatikana Septemba 1945 katika ghala la stesheni ya Seoul. Mstari mmoja wa msichana, alioandika pengine akiwa amechoka na kazi za nyumbani, uliwafikia watu wote hao. Ukimpa msichana wako shajara, kumbuka kwamba umempa kitu kinachoweza kuwafunga wengine, naye anapaswa kulijua hilo au kulijua akiwa amechelewa.

Kama hadithi yako iko Japani, ulimi ni wa hatari zaidi. Baada ya tetemeko la Kantō mwaka 1923, Wakorea waliuawa kwa wingi na makundi ya raia, askari na polisi, na kwenye vizuizi watu walilazimishwa kutamka "jūgoen gojissen," yaani yeni kumi na tano na seni hamsini, kwa kuwa Mkorea hupata taabu kuzitoa sauti za j na g mwanzoni mwa neno, zikamtoka kama ch na k. Mwaka 1942 watu wazima wote waliokuwako walilikumbuka jambo hilo. Msichana anayejificha Osaka atafanya mazoezi ya bei sokoni kabla ya kutoka nyumbani, atachagua dukani kitu ambacho bei yake anaweza kuitamka, na kitu hicho huenda kisiwe alichokuwa anakihitaji.

Msomaji wa Kiswahili atasikiaje tofauti ya lugha hizo mbili? Kujaza maneno ya Kikorea kila mstari hakusaidii. Kunageuza hadithi kuwa somo. Sisi tumejaribu njia moja ambayo ninaipendekeza kwa moyo wote. Kijapani cha shule na ofisi tunakiandika kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka, chenye "tafadhali" na "unatakiwa." Kikorea cha nyumbani tunakiandika kwa Kiswahili cha Bukavu. Mwalimu anasema, "Mwanafunzi Kanemoto, unatakiwa kusimama na kukariri kiapo." Mama anasema, "Ok-sun, kuya hapa, umekula?" Hakuna maelezo yanayohitajika. Siku mama atakapoogopa na kumsemesha bintiye kwa Kiswahili sanifu ndani ya nyumba yao wenyewe, msomaji wa hapa kwetu atahisi baridi mgongoni.

Vitu vya nyumbani

Hapa nitapita haraka zaidi, ila vitu vitatu visikupite.

Cha kwanza ni bakuli za shaba. Familia za Kikorea zilikulia bakuli na vijiko vya shaba ya manjano, vilivyong'arishwa kwa majivu kabla ya sikukuu na kutumika katika ibada ya wahenga. Vita vilipokaza, serikali ilikusanya vyombo hivyo viyeyushwe kwa ajili ya silaha, na wako waliovizika ardhini. Mfikirie mama wa Ok-sun akifukua udongo usiku wa kuamkia siku ya kumkumbuka babu, bakuli moja tu, akilifuta kwa upindo wa sketi yake. Kisha asubuhi kucha zake zina udongo, na mjumbe amekuja.

Cha pili ni kikundi cha uzalendo, alikotoka mjumbe huyo, kilichokusanya kaya kama kumi. Kupitia hicho zilipita taarifa, michango, mazoezi ya kujikinga na ndege na mgao wa chakula, kwa hiyo aliyejitenga nacho alijitenga na mchele. Msomaji wetu anayemjua shefu wa avenue atamwelewa, lakini usimchore mjumbe kama shetani. Mara nyingi alikuwa jirani mwenye watoto wake, naye aliogopa orodha yake isipungue.

Cha tatu ni mwili na mavazi. Msichana asiyeolewa alisuka msuko mmoja mrefu uliofungwa utepe mwishoni. Aliyeolewa alikusanya nywele kisogoni na kuzichoma pini ndefu. Mwezi Oktoba 1929 wanafunzi wa Kijapani waliwavuta wasichana wa Kikorea misuko yao katika stesheni ya Naju, na kutokana na ugomvi huo yakazuka maandamano ya wanafunzi ya Gwangju yaliyoenea nchi nzima. Katika miaka ya vita wanawake walishinikizwa kuacha sketi ndefu na kuvaa suruali pana za kazi zilizoitwa momppe. Ok-sun akirudi nyumbani na kuivua suruali hiyo mlangoni, hiyo nayo ni njia ya kurudi kwenye jina lake. Na kama mwaka 1944 familia inaharakisha kumwoza, pini ya nywele inaweza kuwa maficho pia, kwa kuwa amri ya viwanda iliwatafuta wasioolewa. Wasichana wa shule, wengine wa miaka 13 na 14, walikwenda viwandani Japani, kikiwemo kiwanda cha ndege cha Mitsubishi huko Nagoya, wakiwa wameahidiwa masomo na mshahara.

Mhurumie aliyekubali jina

Rafiki yetu mmoja kikundini alitaka kila aliyesajili jina la Kijapani awe msaliti. Nilimwomba amfikirie mshairi Yun Dong-ju. Ili avuke kwenda kusoma Japani alihitaji karatasi zenye jina hilo, na mwezi Januari 1942 jina la Hiranuma likapelekwa chuoni kwake Seoul. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 24 Januari, aliandika shairi la toba, anajitazama katika kioo cha shaba chenye kutu na kuona aibu. Alikamatwa Julai 1943, akafa katika gereza la Fukuoka tarehe 16 Februari 1945, miezi sita kabla ya uhuru. Mashairi yake aliendelea kuyaandika kwa Kikorea hata akiwa Japani. Mtu huyohuyo alisaini na mtu huyohuyo alikataa, na ukishindwa kuyabeba yote mawili katika mhusika mmoja, rudi kwenye karatasi ya waitaji.

Ukimya baada ya vita

Usimalize hadithi tarehe 15 Agosti 1945 kwa bendera na ngoma. Amri ya kurudisha majina ilitolewa kusini mwa Korea tarehe 23 Oktoba 1946, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Katika kipindi hicho watu walikuwa huru wakiwa bado wameandikwa Kanemoto.

Tena kuna wanawake ambao siri yao haikuisha na vita. Ukitaka kumpeleka msichana wako katika vituo ambako jeshi la Japani liliwatumikisha wanawake kingono, nakuomba utulie kwanza. Humo walipewa majina ya Kijapani, na waliorudi wengi walificha walikokuwa, kwa waume, kwa ndugu na kwa watoto, kwa karibu nusu karne. Kim Hak-sun, mmoja wao, alisimama hadharani Seoul na kusema kwa jina lake mwenyewe tarehe 14 Agosti 1991. Mwezi Januari 1992 yakaanza maandamano ya kila Jumatano mbele ya ubalozi wa Japani. Kitendo chenyewe usikiandike. Hakuna msomaji wa Kivu anayehitaji kuonyeshwa, na wako watakaosoma ambao watakuwa wameonyeshwa zaidi ya walivyoweza kubeba. Andika miaka ya baadaye: mwanamke anayeukataa wimbo fulani redioni, anayegeuza uso akisikia jina la kike la Kijapani.

Na kama kuna anayekuuliza kwa nini mtu wa Bukavu aandike haya, mweleze kuhusu tarehe 8 Machi 2012. Siku hiyo Kim Bok-dong na Gil Won-ok, wawili kati ya mabibi hao, walitangaza kwamba fidia yoyote watakayolipwa na Japani wanataka iwafikie wanawake walioumizwa katika vita vya sasa, na ukaanzishwa Mfuko wa Kipepeo. Wa kwanza kusaidiwa alikuwa Rebecca Masika Katsuva, mama aliyewapokea wanawake na watoto karibu na Minova, kwenye ziwa hilihili ninaloliona kutoka dirisha letu. Wao walitufikia kabla sisi hatujaandika mstari wowote juu yao.

Kabla ya kuionyesha hadithi

Isome kwa sauti mbele ya mtu mmoja, ukiwa na karatasi ya waitaji mkononi. Kila jina linapotamkwa, simama na uhakikishe kwamba aliyelitamka alikuwa na haki ya kulijua, na kwamba waliokuwa chumbani walipaswa kulisikia. Hakikisha mji umeitwa Keijō na karani na Seoul na mama. Hakikisha bibi hajawahi kuwa wa ukoo wa Kim.

Kisha andika upya ukurasa wa mwisho. Binti mmoja wa kikundi chetu aliandika wake mara saba. Ni mwisho wa mwaka 1946, Ok-sun yuko kwenye foleni ya ofisi ya usajili, mama yake nyuma yake amebeba bakuli la shaba lililofungwa kwenye kitambaa, kwa kuwa hakutaka kuliacha nyumbani. Karani Mkorea, bila kuinua macho, anamuuliza kwa Kikorea, "Jina?" Na ulimi wa Ok-sun, uliofundishwa miaka sita, unajibu kabla yake, "Kanemoto." Karani anaweka kalamu chini na kusubiri.